Bahasha Kando ya Jina

Kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajajaa, mkutubi wa chuo chetu hapa Kitale hupima viungo, vile vinavyokutoa kwenye katalogi ya maktaba na kukufikisha moja kwa moja kwenye makala ya jarida huko mtandaoni. Hufuta kipanya kwa pindo la leso, huinamia skrini, hubofya kwa kidole cha kati kwa sababu cha shahada hakikunjiki tena. Kiungo kikifunguka huenda kwa kinachofuata. Kikikataa hukiuliza polepole, "Na wewe unataka nini sasa?" kama anayembembeleza mtoto. Huanza na makala ile ile siku zote, ya kayongo, gugu linalonyonya mahindi, yenye picha ya shamba moja kule kijijini Bokoli. Leo Dinah, mwanafunzi mwenzangu, alimuuliza, "Madam, si hii ulifungua jana?"

"Naangalia kama bado inafunguka. Aliandika dada yangu. Hiyo shamba ni ya mama. Alisema akifika ng'ambo atapiga simu, na mpaka leo hajapiga."

Hakusoma hata mstari mmoja. Alipeleka mshale kwenye jina la mwandishi, palipo na picha ndogo ya bahasha. Ukiibofya, barua pepe tupu hufunguka, anwani ikiwa imeshajazwa. Ikafunguka. Akaweka mikono yote miwili juu ya kibodi, akaiacha hapo bila kuandika, mpaka wanafunzi wengine wakaanza kuingia. Kisha akaifunga ile barua bila kuituma, akamwambia Dinah, "Iko sawa. Inafika."