Agents wangu wa kwenye laptop walimtenga mama mmoja, na kijiji nacho kikamtenga

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Wa kucheka acheke.

Ni mwalimu hapa Mbulu, huku nasoma masters. Utafiti wangu ni kutengeneza kijiji ndani ya laptop, chenye watu wa bandia (agents) wanaojiamulia wenyewe, nione kama wataishi kwa uadilifu bila kushikiwa fimbo.

Nikatumia desturi yetu ya kufugishana. Mwenye ng'ombe wengi anampa jirani ng'ombe mmoja amtunzie. Maziwa ni ya jirani, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ndama akifa, unapeleka ngozi iwe ushahidi. Ukificha ndama aliye hai, unatengwa: hupewi salamu wala moto.

Sasa namba za agents zilikuwa zinanichanganya, nikawapa majina ya majirani wa kijijini kwetu Maretadu. Hapo nilijichimbia kaburi.

Mwanzoni waliishi vizuri mpaka nikajipongeza. Kisha ukazuka uvumi, wote wakamgeukia mmoja, kidoti chake kwenye skrini kikawa chekundu, yaani ametengwa. Nikakagua code. Hakuwa ameficha ndama yeyote! Kosa lake lilikuwa kuishi peke yake, hana wa kumtetea.

Jina nililompa: Mama Paulina.

Mama Paulina halisi ni mjane, anatunza ng'ombe wa binamu yangu Safari. Na Safari siku hiyo alikuwa nyuma yangu anachungulia.

"Kumbe hata kompyuta imemwona," akasema.

Nikacheka, nikajua ni utani. Ujinga wangu huo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda nyumbani. Nikamkuta Mama Paulina njiani, nikamwamkia shikamoo, akaanza kulia.

"Mwanangu, umenisalimu! Wiki nzima hakuna anayenisalimu. Hata moto wananinyima. Ngozi ya yule ndama aliyekufa si nilimpelekea Safari mwenyewe?"

Kumbe Safari alikuwa amewaambia watu kwamba kompyuta imemwona ameficha ndama. Jumatatu Safari alikuwa anakuja kuchukua ng'ombe, na yule mama anaishi kwa maziwa yale.

Nikawaomba wazee kikao, nikaenda na laptop. Nikaeleza kwamba majina niliyaweka mimi, na kompyuta haimjui mtu yeyote. Ili waone, nikaweka jina langu pale palipokuwa na la Mama Paulina. Kidoti kikawa chekundu.

Mzee mmoja akanitazama: "Kwa hiyo mwizi ni wewe, mwalimu?"

Wakuu, niliogopa vibaya. Nikafuta langu haraka, nikaweka la Safari. Chekundu tena. Safari akaruka kutoka kwenye benchi, "Mimi sijaiba kitu!" Hapo ndipo wazee walipoanza kuelewa. Mama Paulina akaachiwa yule ng'ombe aendelee kumtunza, salamu zikarudi.

Nikadhani yameisha. Nafunga begi niondoke, baba mmoja ninayemheshimu sana akanivuta pembeni, akasogeza mdomo sikioni.

"Mwalimu, hebu weka jina la mke wangu."

Sijarudi Maretadu tangu siku hiyo.

Nilichojifunza: usimpe mtu wa bandia jina la mtu anayepumua. Hata ukieleza mpaka koo likauke, kuna atakayeisikia mashine tu.

Wenye uzoefu na mambo haya, hii masters niendelee nayo au niiache? Nishaurini, hata wa kunitukana nitamsoma.