Nilivyousafisha Mlango Wetu

Jamani, mwenzenu yamenikuta. Nauza viatu vya mitumba hapa Mbinga, na mke wangu alikuwa amechoka kuviruka mlangoni.

"Baba Skola, jioni wanakuja watu wa Mbuji kumposa binti yako. Watapita wapi?"

Nikaapa kuvitoa. Mchana nikawahi kutoka sokoni, nikakuta rundo kizingitini. Nikahesabu jozi saba, nikarudia, saba. Kimoja kilikuwa na joto. Nikasema ni jua. Mchuuzi mwenzangu alikuwa anapita kuwahi gari la Lundo. Nikamuuzia vyote kwa mkupuo, akaenda zake. Nikafagia, nikajipongeza.

Ndipo pazia lilipofunguka. Wakatoka wazee saba, peku, na mke wangu nyuma yao.

"Wageni walifika mapema, tulikuwa uani," akasema. "Viatu vyao viko wapi?"

"Si vyangu vile?"

"Vyako nimeviweka stoo tangu asubuhi!"

Nikaweza kusema "Shikamooni" tu.

Mkubwa wao akatazama sakafu inayong'aa, kisha mimi. "Marahaba, mkwe. Mahari hata hatujaitaja, umeshaanza na viatu?"