Nani Alipanda Miti ya Kuni

Kwetu Fizi, anayekodi shamba hupanda mihogo, maharagwe, hata mahindi akipenda. Mti hapandi. Mhogo ukishang'olewa yamekwisha, lakini mti hubaki ukimsemea aliyeupanda, na kesho wanawe watadai kwamba hapa ni petu.

Mama yangu, mjane, alikuwa amemkodisha mkimbizi mmoja wa Burundi, mama wa watoto, kipande cha shamba la marehemu baba karibu na kambi ya Lusenda. Vilima vya jirani vilikuwa vimebaki vipara, na mwanamke yule alipoteza asubuhi nzima akitafuta kuni za kupikia sombe, majani ya mihogo. Siku moja alikuja na miche ya mikaratusi.

"Mama, miti hii inakomalaka mbio. Tutapika bila kwenda mulimani."

"Muntu wa kukodi hapandake muti," mama alimjibu.

"Najua. Basi upande wewe."

Mama alicheka, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Mrundi akachimba mashimo, mama akatia miche kwa mkono wake mwenyewe, majirani wakiitwa washuhudie. Walipatana hivi: miti ni ya mama, matawi ni ya mpangaji.

Miti ilikua kwa pupa. Baada ya misimu michache kuni hazikukosekana jikoni, wala hakuna aliyegusa tena vichaka vya mlimani. Mihogo iliyokuwa kando yake ilikonda, maana mkaratusi hunywa maji bila kumkaribisha mwenzake. Mama na Mrundi hawakujali. Mimi nilinung'unika, kwa kuwa napenda mihogo.

Kisha baba mdogo akashuka kutoka Fizi mjini. Tulijua angeuliza habari za mkimbizi, na jibu tulikuwa nalo. Mama alimweleza kwa fahari, majirani wakiitikia, kwamba miti yote aliipanda yeye.

Baba mdogo alishika shina moja, akalitazama mpaka juu.

"Shemeji," akasema kwa upole, "na we, nani alikupatia ruhusa ya kupanda muti mu shamba ya kaka yangu?"

Mama alikuwa amelima pale tangu aolewe, na sisi sote siku zote tuliliita shamba la mama.

Miti iling'olewa pamoja na mizizi yake. Juma lililofuata wanawake wale wawili walikwenda mlimani pamoja kutafuta kuni.