Pale Alipoegemea Assunta

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba sikuwa nimelewa, sikuwa na usingizi, na ilikuwa saa tisa mchana. Kwetu ni Tanga. Watu wakisikia hivyo huniuliza habari za majini kabla hawajauliza habari za wazazi, na miaka yote niliyokaa huko sikuona hata kivuli cha jini. Nilichokiona nilikiona Toronto, ndani ya gereji, nikiwa na nyundo mkononi.

Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari. Nilifundishwa na mjomba wangu kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na mjomba alikuwa na sheria moja: gari likitoka na kovu, kovu hilo ni la fundi. Iweke akilini sheria hiyo, maana ndiyo iliyoniponza.

Majira ya baridi ya mwaka 2011, bibi mmoja wa Kiitaliano, Mama Lucia, alituletea Fiat ya miaka ya hamsini iliyokuwa ya baba yake. Ilikuwa imeliwa na kutu vibaya. Ili nijue ilivyokuwa zamani, alinipa picha kumi na mbili, nyeusi na nyeupe, nikazining'iniza juu ya meza yangu kwa vibanio vya nguo. Nilizipenda, nakwambia ukweli. Mimi nilidhani Wazungu wanazaliwa matajiri. Kumbe hawa walikuwa na viraka kwenye magoti, godoro limefungwa juu ya gari, mbuzi amekaa kiti cha nyuma kama abiria, na vikongwe wamejipanga barabarani wakimenya maharage.

Karibu katika kila picha, msichana mmoja ameegemea mlango wa nyuma. Huyo alikuwa Assunta, dada mkubwa wa Mama Lucia. Baba yao alikuwa mwoka mikate, na Assunta ndiye aliyesambaza mikate kwa gari hilo. Kwa kuwa mikono yote miwili ilishika kapu, mlango aliufunga kwa nyonga. Mwaka baada ya mwaka bati likabonyea, likabaki na umbo la nyonga yake. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu akiwa na miaka ishirini na miwili.

"Tengeneza kila kitu," Mama Lucia aliniambia, akaweka kiganja chake pale palipobonyea. "Hapa usiguse."

Kila Jumamosi alikuja, akavuta kiti cha plastiki, akaweka kiganja palepale, akanisimulia habari za dada yake. Bosi wangu, Bwana Felix, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, naye akanionya kwa Kiswahili chake cha huko: "Sikiza, fundi. Kastoma akisema wacha, wewe wacha." Nikaitikia vizuri tu.

Lakini gari lilipoanza kung'aa, lile bonde likawa linanitazama. Fiat ile ilikuwa inakwenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Watu wangesemaje? Kwamba fundi wa Kitanzania hakuweza kunyoosha mlango mmoja? Nikajiambia mama akiuona umenyooka atafurahi. Tazama mtu anavyojidanganya akiwa na ujuzi kidogo.

Ijumaa moja Bwana Felix alitoka kwenda kutafuta vipuri. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Nikafunga mlango wa gereji, nikafungua kava la ndani la mlango wa Fiat, nikachukua nyundo. Nilipoinua macho, msichana alikuwa ameegemea mlango ule.

Alikuwa na nywele nyekundu, gauni la kijani la mikono mifupi, aproni, na kapu miguuni. Pale ndani pakanukia mkate wa moto. Utaniuliza, hukumjua? Sikumjua! Nilimzoea Assunta wa rangi ya majivu. Nani aliniambia kwamba nywele zake ni nyekundu? Nilidhani ni mjukuu wa Mama Lucia, amepitia ofisini.

"Hapa ndipo pangu," akasema.

Usiniulize kwa lugha gani. Nilisikia na nilielewa. Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayekujulisha kwa upole kwamba umekalia kiti chake. Nami nikamjibu kama fundi yeyote anavyomjibu mteja.

"Sogea kidogo, dada. Dakika tano tu."

Aliitazama nyundo, akanitazama mimi. Akaokota kapu lake, akasogea.

Nikagonga mpaka bati likanyooka. Nilipogeuka nimshukuru, hapakuwa na mtu. Mlango wa gereji ulikuwa bado umefungwa kwa ndani, wa ofisini pia, na theluji ya nje haikuwa na unyayo hata mmoja. Ndipo nikatazama zile picha. Mbuzi yupo, godoro lipo, vikongwe na maharage yao wapo. Mlango wa nyuma umenyooka, na hakuna aliyeuegemea. Nikakaa chini kwenye sakafu ya saruji.

Kesho yake Mama Lucia alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Alilizunguka gari, akaisifu kazi, akapitisha kiganja kwenye mlango wa nyuma mara mbili tatu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Nikamtajia Assunta.

"Assunta yupi?" akauliza. Akasema yeye alizaliwa peke yake, na mikate aliisambaza baba. Bwana Felix naye hakumkumbuka. Akaniambia nimechoka, nipumzike.

Ningeweza kunyamaza. Ila gari lilikwisha, likaenda maonyesho, na bado kila alipokuja kulileta kwa matengenezo madogo alikaa kando ya mlango ule na machozi yakamtoka. Alisema ni harufu ya rangi. Rangi gani, nayo ilikwisha kauka miezi mingi? Hilo lilinitesa kuliko woga. Nikajaribu kuubonyeza mlango upya kwa nyonga yangu mwenyewe. Nilipata bonde, lakini lilikuwa bonde la nyonga yangu.

Mwishowe nikamweleza yote. Alinisikiliza kama mtu anayepewa habari za ukoo wa jirani. Kisha akaniomba nimwonyeshe huyo dada alivyofunga mlango. Nikakumbatia boksi mbili, nikausukuma mlango kwa nyonga. Akacheka, halafu akalia sana.

"Alikuwa anaimba?" akaniuliza.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Hilo hukuniambia."

Mama Lucia alifariki mwaka 2016. Assunta sasa hana mtu duniani ila mimi, nisiye ndugu yake, niliyemwondoa kwa mkono wangu. Nilikuwa najua mambo saba juu yake. Juzi nimeyahesabu nikapata sita, na la saba nimelitafuta mpaka leo sijalipata. Ndiyo maana nakusimulia, ili tuwe wawili.

Basi ukiambiwa hapa usiguse, usiguse, hata kama panakutia aibu. Na ukimkuta mtu amesimama pale unapotaka kufanya kazi yako, muulize kwanza pana nini chake. Wafu wengine wana adabu, niamini. Ukiwaomba wasogee, wanasogea.