Antena Niliyoipa Likizo

Ndugu zangu, nimehamahama tangu nimalize sekondari, na mwezi huu nilimwambia mama aliyeko Magu kwamba sasa nimetulia. Nilikuwa nimepata kazi ya kutunza kituo cha redio ya mawasiliano kilimani, hapa Mwanza.

Mawimbi ya redio kutoka ng'ambo ya ziwa hutawanywa na anga, yakatufikia yakipanda na kufifia. Ndiyo maana tulikuwa na antena mbili, zimeachana mbali.

Fundi Masanja alinielekeza, "Kaka, hizi zinasaidiana. Huku ikilala, kule inashika."

Mimi nikaelewa zamu, kama za walinzi. Kila asubuhi nikachomoa waya wa antena moja ipumzike. Watu wakilalamika sauti inakatika, nalaumu mawingu.

Jana mkuu wa kituo alileta wageni. Akaita ng'ambo kwa redio. Likaja nusu neno, kisha kimya.

"Mbona antena ya pili haishiki?"

"Imelala, mkuu," nikajibu kwa fahari. "Leo si zamu yake."

Masanja akashika kichwa. "Kaka! Inayolala ni sauti! Antena hailali!"

Wageni walicheka hadi machozi. Mkuu hakucheka. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Funguo."