Mgongo ni Wangu

Shangazi yangu ni dobi wa hospitali. Kutwa anafua na kunyoosha mashuka ya wagonjwa, kisha usiku analala kwenye godoro lililobonyea katikati kama karai. Mgongo ulipomzidi, alikwenda kununua jingine, akamchukua shemeji yake amsaidie kubeba.

Muuzaji alimpita shangazi kama mlango ulio wazi, akamgeukia shemeji. "Bosi, gumu au laini?"

"Laini," shemeji akajibu bila haya.

Katika kila mji niliowahi kulala nimewakuta wauzaji wa aina hii.  Shangazi alivua viatu, akapanda juu ya godoro gumu, akajilaza ubavu kama anavyolala kwake.

"Mama, teremka, utalichafua!"

"Nilichafue mimi, ninayefulia hospitali nzima? Mgongo ni wangu, unamuuliza huyu! Ameulalia lini?"

Wateja wakaangua kicheko. Shemeji akatazama dari.

Shangazi aligeukia ubavu wa pili, polepole, na kwa mara ya kwanza kiuno hakikumuuma.

"Hilihili. Lifunge."

Njia nzima hakumsemesha shemeji, aliyekuwa nyuma yake akihema na godoro kichwani.