Saa za Konjesheni

Miye konjesheni sikuiamini tangu ilipoanza. Kumtoza mtu kwa kuingiza gari yake katikati ya jiji, ati kupunguza foleni! Foleni ipo hapa hapa Edmonton, pembezoni mwa London, mlangoni kwangu, mbona hawaji kuipunguza? Na zile kamera juu ya nguzo, nani kasema zinatazama namba za gari tu? Jirani yangu, nesi wa Kikenya, alikuwa akiisifu, kwamba siku hizi basi lake la kazini linafika kwa wakati na kituoni hamezi tena moshi. Nikamsikiliza, nikasema moyoni, huyu ana lake jambo. Nikaapa pesa yangu hawaioni.

Basi dada yangu akalazwa hospitali, na hospitali yenyewe imo ndani ya eneo la tozo. Huyu ndiye aliyenilea alipofariki mama, akanitangulia London, kisha akanivuta nimfuate. Treni siiwezi, goti langu na ngazi za stesheni haviivani. Siku za kazi nilikuwa nikenda kwake kwa gari usiku unapoingia, tozo ishakwisha.

Ijumaa moja akanipigia simu. Sauti ilikuwa chini, lakini maneno yamenyooka.

"Kesho njoo mapema," akaniambia. "Nna neno nataka nikwambie mwenyewe, si kwa simu. Na uniletee uji wa pilipili manga."

Nikamwambia binti yangu anitazamie kwenye mtandao Jumamosi wanatoza saa ngapi. Binti huyu kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na wiki ile nilikuwa nimemgombeza kwa hilo mpaka akalia. Akatazama simu yake, akafikiri kidogo, akanijibu kwa Kiswahili, polepole, neno moja moja: "Saa kumi na mbili mpaka saa sita, mama."

Wallahi nilitaka kumkumbatia. Miye ninayeshuku mizani ya muuza nyama na risiti za madukani, hilo sikulishuku hata chembe. Nikaona ndivyo, asubuhi mpaka mchana, Jumamosi nusu siku kama ofisi za kwetu zamani. Uji nikautia kwenye chupa ya chai, nikakaa kitako asubuhi nzima nikingoja saa sita ipite, niwapige chenga wale wezi.

Saa saba kasorobo nikaingia. Alama ya C, ile ya mpaka wa tozo, nikaipita bila kusoma saa zilizoandikwa; za nini, nishaambiwa na mwanangu. Barabara zilikuwa nyeupe, nikacheka peke yangu garini.

Nilipofika wodini nikakuta pazia limevutwa kitandani kwa dada. Nesi wa pale akanieleza kwamba alikuwa akizungumza tangu alfajiri, akiuliza kama nimefika, na hali ikamgeukia kwenye saa tano. Alikuwa bado anapumua, lakini hakunijua. Akafariki magharibi. Neno lake silijui mpaka leo.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya faini, na picha ya gari yangu. Nikapandwa na hasira, nikaenda nayo kwa jirani aniandikie rufaa. Nikamwambia wamenionea, niliingia tozo ishakwisha. Akaisoma, akatazama na kwenye simu yake, akaniangalia kwa huruma.

"Jumamosi inaanza saa sita mchana, inaisha saa kumi na mbili jioni," akasema. "Asubuhi yote ni bure."

Akanionyesha. Pameandikwa 12 mpaka 6, kwa saa za Kizungu, na mtoto wangu alizisoma vile vile alivyozikuta. Nikavuta kiti, nikakaa. Asubuhi yote ile njia ilikuwa wazi, na dada ananiulizia. Na hata ingekuwa ya kulipia, nani alinikataza kulipa? Nilikuwa na pesa. Ilikuwa jeuri yangu tu, na jeuri hiyo inanichoma kuliko msiba wenyewe.

Niliporudi, binti alikuwa jikoni. Akaiona barua mkononi mwangu. Tangu tumzike mama yake mkubwa amekuwa akinisemesha Kiswahili tupu, bila ya kuambiwa.

"Mama," akauliza, "mimi nilikosea?"

"La, mwanangu. Kamera zao mbovu. Wao ndio waliokosea saa."

Akaniamini.